Binti wa Moshi anauliza: nitaingiaje kwenye utafiti wa pomboo na nyangumi?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Nina miaka 24, naishi Majengo, Moshi. Nina stashahada ya usimamizi wa wanyamapori, na kwa sasa namsaidia mama dukani. Bahari nimeiona mara mbili tu, Tanga na Dar es Salaam, lakini moyo wangu uko kwa pomboo na nyangumi. Nimeona tangazo la mradi wa nje unaopokea watu wa kujitolea kwa wiki mbili. Wanataka dola 2,400, nauli juu yangu. Mjomba anasema familia ichange kama tunavyochangia harusi. Nikubali? Na kama siyo, mtu wa bara kama mimi, asiyejua hata kuogelea, aingilie wapi?"

Marahaba, mwanangu. Mwambie mjomba asiitishe kikao cha mchango. Hiyo hela msiitoe.

Sisemi waliotoa tangazo ni matapeli. Miradi mingi ya aina hiyo ni ya kweli, na ada za wanaojitolea ndizo zinazonunua mafuta ya boti na kulipia nyumba wanamolala watafiti. Kijana wa Ulaya anayetaka kuitumia likizo yake vizuri, acha alipe, anapata haki yake. Wewe hutafuti likizo. Unatafuta kazi ya maisha, na hakuna anayejifunza kazi hii kwa wiki mbili. Wiki ya kwanza yote ni kuzoea jua na kutapika. Ya pili macho yanaanza kufunguka, na tayari unafunga begi. Takriban shilingi milioni sita za ukoo zitakuwa zimekwenda, na utarudi Majengo na cheti ambacho watafiti wengi niliofanya nao kazi hawakitazami.

Wanachotazama ni kama unajua kuangalia, na kama unajua kuandika ulichokiangalia. Hilo unaweza kuanza kujifunza hukohuko Kilimanjaro, wiki hii.

Nikuambie nilivyoingia mimi. Nimezaliwa Machame, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa Tarangire, kuwatambua tembo kwa masikio. Sikio la tembo lina kingo zilizochanwa na miiba na ugomvi, lina matundu, lina mishipa inayotambaa kama mito kwenye ramani, na huwapati tembo wawili walio sawa. Nilikaa na madaftari ya picha mpaka nikawajua kama ninavyowajua wanakwaya wa kanisani kwetu kwa sauti. Miaka ikapita, nikapelekwa Ghuba ya Menai, kusini mwa Unguja. Nikapewa kamera yenye lenzi ndefu, nikaambiwa: piga pezi la mgongoni, mengine yaache. Jioni nilipofungua picha kwenye kompyuta nikaona ukingo wa nyuma wa pezi una pengo dogo kama la jino la mtoto, chini yake mapengo mengine mawili, na karibu na ncha kovu jeupe lililopinda. Nilibaki nimeduwaa. Lilikuwa sikio la tembo, limepandishwa tu kwenye mgongo wa pomboo.

Hesabu yake nayo ni ileile. Chukulia leo umepiga picha ukapata mapezi 40 unayoweza kuyatambua. Mwezi ujao unarudi, unapata 40 tena, na ukilinganisha unakuta 20 kati yao ulikwishawaona. Nusu ya uliowaona safari ya pili ni wale wa kwanza; maana yake wale 40 wa kwanza ni kama nusu ya wote wenye alama, na wote ni kama 80. Kazi halisi ina marekebisho mengi juu ya hapo, lakini moyo wake ni huo. Kwa njia hiyo watafiti waliofanya kazi kusini mwa Unguja karibu na mwaka 2000 walikadiria kwamba pomboo wa pale, wale wenye mdomo kama shingo ya chupa, hawakufika mia mbili. Watu walikuwa wakidhani bahari imejaa pomboo, kwa kuwa kila siku waliwaona. Kumbe waliona walewale.

Na kabla hujaniambia tena kwamba wewe ni mtu wa bara, nikutajie ndugu zako. Perere anayepiga kelele usiku kwenye msitu juu ya Marangu, yule ambaye watoto wakimsikia huvuta blanketi, ni katika jamaa wa karibu zaidi wa nguva walio hai leo, pamoja na tembo. Na kiboko unayemwona Manyara ndiye mnyama wa nchi kavu aliye karibu zaidi na nyangumi. Ukoo wao uliachana miaka kama milioni 55 iliyopita. Uliposoma viboko na tembo chuoni ulikuwa umeshapiga hodi kwenye nyumba hii.

Sasa siku ya kazi ikoje? Mnatoka alfajiri bahari ikiwa imelala. Boti haiendi inakotaka; inafuata mistari iliyochorwa kwenye ramani tangu mlipokuwa nchi kavu, iwe mna matumaini na eneo hilo au hamna. Mmoja anaangalia kushoto, mwingine kulia, kila mmoja na upande wake, na mnabadilishana ili macho yapumzike. Kila baada ya dakika kadhaa mwenye fomu anaandika: saa, mahali boti ilipo kwa GPS, hali ya bahari kwa kipimo cha Beaufort, mwanga wa jua, mawingu. Kusi likianza kuamka na povu jeupe likatapakaa kila upande, mnageuza, maana pezi halitofautiani tena na wimbi. Wakitokea pomboo mnaandika umbali, pembe kutoka kwenye boti, idadi ya chini, ya juu na ile mnayoiamini zaidi, watoto wangapi, wanafanya nini. Halafu mnapiga picha za mapezi yote, siyo yale mazuri tu. Hapo wageni wengi hukosea. Anamwona pomboo mwenye pengo kubwa la kupendeza, anampiga picha hamsini, na wale wenye mapezi laini anawaacha. Hesabu imeharibika hapohapo, na hakuna kompyuta itakayoitengeneza.

Lakini siku nyingi hawatokei. Unakaa saa sita juani, umeandika fomu mbili, na kwenye safu ya wanyama kila mstari ni sifuri. Mwanangu, kama kuna jambo moja nataka ulishike katika barua hii, ni hiyo sifuri.

Nilipokuwa bado mgeni kwenye kazi nilitembelea mradi mmoja, sitautaja, uliokuwa ukipokea vijana wa kulipia kwa miaka. Nikaomba nione fomu zao. Nikaonyeshwa maboksi ya karatasi chini ya kitanda cha stoo, mengine yameota ukungu kwa chumvi na unyevu. Nikakaa chini nikaanza kufungua. Siku za pomboo zilikuwepo, zimeandikwa kwa kalamu za rangi, nyingine na michoro na alama za mshangao. Siku zisizo na pomboo hazikuwepo. Nilipouliza, nikajibiwa kwamba vijana walivunjika moyo kuandika fomu tupu, kwa hiyo wasimamizi wakawaruhusu waziache. Miaka ya jua, ya mafuta, ya hela za wazazi wa watu, na hakuna mtu angeweza kusema kama pomboo wameongezeka au wamepungua. Ukiniambia umewaona mara kumi, sijui lolote mpaka uniambie umetafuta kwa saa ngapi. Mara kumi katika saa ishirini ni bahari moja. Mara kumi katika saa mia tano ni bahari nyingine kabisa. Nilitoka pale nimeumia, na mpaka leo nikikumbuka lile boksi la chini naumia.

Linganisha na kazi iliyofanyika mlango wa pili na kwenu. Kule Serengeti watafiti walitega kamera zinazojipiga zenyewe, na mwaka 2012 wakaziweka picha kwenye jukwaa la Zooniverse kwa jina la Snapshot Serengeti, watu wa dunia nzima wasaidie kutambua wanyama. Seti za picha zilipita milioni moja, na takriban robo tatu hazikuwa na mnyama: nyasi zimetikiswa na upepo, joto limeidanganya kamera. Wale waliojitolea walibonyeza "hakuna kitu" mara milioni kadhaa, bila kuchoka. Kazi yao ndiyo iliyokuja kutumika kuifundisha kompyuta kutambua wanyama yenyewe, na kompyuta isingejua nyasi ni nini kama hakuna mtu aliyekubali kuandika kwamba hapa pana nyasi tu. Jiunge na Zooniverse leo, ni bure, simu yako inatosha. Humo mara kwa mara huwa na miradi ya bahari pia, ya sauti za nyangumi na picha za angani. Kisha fungua Happywhale, ambako picha za mikia ya nyangumi zinalinganishwa. Upande wa chini wa mkia wa nyangumi yule mwenye nundu una mabaka meusi na meupe yasiyofanana na ya mwingine. Ukikaa na mikia mia mbili kwa jioni kumi, jicho lako litakuwa limeshabadilika.

Nyangumi hao ndio wanaopita kwetu. Wanatoka bahari ya kusini karibu na Antaktika, wanakokula, wanapanda kuja kuzaa na kupandana kwenye maji ya joto ya Msumbiji, Tanzania na Kenya, kati ya Juni na Oktoba hivi, ndani ya msimu wa kusi. Madume ndiyo huimba. Ukishusha haidrofoni, kifaa cha kusikilizia sauti chini ya maji, majini kutoka kwenye boti iliyozimwa injini, siku yenye bahati unausikia wimbo kabla hujamwona mwimbaji, na katika maisha yangu ni mambo machache yaliyoniingia moyoni kama hilo.

Nije kwenye kitu ulicho nacho ambacho yule mwenye dola 2,400 hana: Kiswahili, na adabu ya kuamkia watu. Unaweza kudhani ni kitu kidogo. Katika kazi ya nguva ndicho karibu kila kitu.

Nguva waliobaki Tanzania ni wachache mno, na tumaini lao kubwa liko kati ya delta ya Rufiji, Mafia na Kilwa, kwenye mashamba ya majani ya bahari. Mwaka 2022 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, iliwaorodhesha nguva wa Afrika Mashariki katika daraja la hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Jike hubeba mimba zaidi ya mwaka mmoja, na kati ya mtoto na mtoto hupita miaka mitatu hadi saba, hivyo nyavu zikichukua majike wachache tu, pengo lao halizibiki upesi. Ukizunguka na boti kumtafuta utaandika sifuri mpaka kalamu iishe wino. Anayejua alipo ni mvuvi wa jarife, na mara nyingi anajua kwa sababu alimkuta amekufa kwenye nyavu zake. Nguva analindwa na sheria. Sasa fikiria: umeshuka kwenye gari la mradi, umevaa fulana yenye nembo, mkononi una karatasi, unamuuliza baba wa watu kama aliwahi kunasa nguva. Atakuambia hajawahi kumwona tangu azaliwe. Ungekuwa wewe, ungesemaje?

Kuna namna ya kufanya. Unaanza kwa mwenyekiti wa kijiji, au sheha kama uko Zanzibar, kisha kamati ya wavuvi. Unakaa. Siku ya kwanza unaweza usiulize chochote cha maana, unasaidia kutoa samaki kwenye nyavu, unajifunza jina la kila tundu la nyavu. Ukianza kuuliza, huulizi "umeona nguva?", maana mtu mwenye heshima zake atakupa jibu analodhani unalitaka. Unamwonyesha picha za wanyama kadhaa wa baharini: pomboo wa aina mbili tatu, kasa, papa, nguva, na katikati unachomeka mnyama ambaye pwani yetu si makazi yake, kwa mfano sili wa bahari za baridi. Unamwomba akuambie anaowajua na anavyowaita. Akikuambia sili anamwona kila mwezi, unamshukuru, unanywa naye chai, na ukifika nyumbani unaweka alama kwenye fomu yake kwamba majibu yatumike kwa tahadhari. Akimpita sili na kusema "huyu simjui", kisha akamgusa nguva kwa kidole na kusema jina, mwezi na kina cha maji, hapo umepata taarifa ambayo boti isingekupa kwa mwaka mzima. Na jina lake huliandiki popote. Mtu aliyekuamini asije akakamatwa kwa karatasi yako.

Zanzibar imeonyesha taarifa kama hizo zinafika wapi. Hadi miaka ya 1990 huko kusini mwa Unguja wapo waliowachoma pomboo chusa ili nyama iwe chambo cha papa. Kisha ukaja utalii wa Kizimkazi, pomboo akawa na thamani akiwa hai. Watafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwemo Dk. Narriman Jiddawi, mwanamke ambaye ningependa umsome habari zake, na Dk. Omar Amir, walikaa na wavuvi wakahesabu pomboo wanaonaswa kwenye nyavu. Dk. Amir aliandika tasnifu yake ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Stockholm, 2010, juu ya pomboo hawahawa. Wakajaribu hata kufunga kwenye nyavu vifaa vidogo vinavyotoa mlio, pomboo ausikie ajiepushe. Yote hayo yalianza na mtu kukaa kwenye mchanga na mvuvi na daftari.

Na siyo kila swali limejibika. Mwishoni mwa Aprili 2006, pomboo takriban 400 walikutwa wamekufa ufukweni Nungwi. Chanzo hakikuthibitishwa. Ndiyo maana nasisitiza uandishi wa kila siku: siku kama ile ikija tena, swali la kwanza litakuwa wiki iliyotangulia bahari ilikuwaje, na jibu litakuwa kwa yule aliyeandika siku ambazo hapakutokea kitu.

Utalii nao una madhara yake, na hapa ndipo unapoupima mradi wowote, wa ndani au wa nje. Utafiti uliofanyika Kizimkazi ulionyesha kwamba boti za watalii zikiwazunguka pomboo, muda wao wa kupumzika na kula hupungua. Mama mwenye mtoto ndiye anayeumia zaidi. Kwa hiyo mradi ukikuahidi kuogelea na pomboo au kumgusa, uache. Muulize mhusika kama wana kibali cha utafiti, cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, kwa Bara au cha mamlaka za Zanzibar kwa kule. Muulize taarifa za miaka iliyopita ziko wapi na nani amezichapisha. Mtafiti wa kweli atafurahi, atakutumia makala mpaka uchoke. Muulize Watanzania waliomo wanafanya nini. Kama wote ni wapishi, walinzi na manahodha, na hakuna hata mmoja anayeshika kalamu, hapo hutajifunza. Nahodha mwenyewe, nikwambie, mara nyingi ndiye mwenye jicho kuliko wote. Yule aliyenifundisha Menai aliwaona pomboo kwa namna ndege walivyogeuka, dakika nzima kabla ya darubini yangu.

Uende wapi basi? Bahari iliyo karibu nawe ni ya Tanga, basi linakufikisha siku hiyohiyo. Kutoka Pangani boti huenda Kisiwa cha Maziwe, na njiani pomboo huonekana mara nyingi. Huko pia pana kazi ya kasa: kwa kuwa kisiwa kimebaki mchanga mtupu unaofunikwa na maji, mayai huhamishiwa ufukwe wa Ushongo. Kasa si mamalia, najua, ila anayejua kuhesabu mayai ya kasa saa tisa usiku bila kukosea, mradi wa pomboo utamtaka. Sea Sense, shirika la Kitanzania linalofanya kazi ya kasa na nguva, limejengwa juu ya watu wa vijijini wanaoandika taarifa, liandikie. Iandikie Taasisi ya Sayansi za Bahari, iko Buyu, Unguja. Andikia Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu, ambao Mafia wana hifadhi ya kwanza ya bahari nchini, tangu 1995. Kenya kuna Watamu, mji wa pwani ambako watafiti wanafanya kazi nzuri ya pomboo na nyangumi, na Kiswahili chako kinavuka mpaka bila viza. Na usiidharau Arusha: TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, wako Njiro, na mkutano wao wa kisayansi wa kila baada ya miaka miwili hujaza mji watafiti wa kila aina. Nenda, kaa nyuma, sikiliza, na wakati wa chai jitambulishe. Mbele ya safari, ukishakuwa na swali lako mwenyewe, WIOMSA wa Zanzibar, chama cha wanasayansi wa bahari wa Bahari ya Hindi Magharibi, wana ruzuku kwa watafiti vijana wa ukanda wetu.

Barua yako iwe fupi. Usiwaambie moyo wako uko kwa pomboo. Kila anayeomba anasema hivyo, na ni kweli kwao wote. Waambie umesoma nini, unaweza kukaa miezi mitatu, unazungumza na wavuvi, unajua kuingiza data kwenye kompyuta bila kurukaruka. Ambatisha kurasa mbili za taarifa ulizokusanya mwenyewe. Nitakuambia hapo chini utazipata wapi. Wakikukubali bila mshahara, usione aibu kuuliza kuhusu chakula, malazi, nauli na bima. Miezi mitatu ya kujitolea ni mafunzo. Wakitaka mwaka mzima bila hata posho, wakumbushe kwa heshima kwamba mama yuko dukani peke yake.

Kuogelea ujifunze, tena kabla ya kuandika barua. Moshi kuna mabwawa, tafuta mwalimu, siyo kujirusha kwenye chemchemi ya Chemka na wenzako wikiendi. Utafiti mwingi unafanyika ukiwa umekaa ndani ya boti na jaketi la kujiokolea, hakuna atakayekuambia uruke, ila boti hupinduka, na mimi sitaki nije nisome habari zako. Kuhusu roho kuchafuka: kula mkate mkavu mapema, usipande na tumbo tupu, tazama upeo wa bahari na siyo fomu, na ukitapika tapika upande ambao upepo unakwenda. Hukoma baada ya siku chache kwa watu wengi. Na hili nakuambia kwa kuwa hakuna aliyeniambia mimi: boti ndogo haina choo. Chukua kanga mbili, moja ya kujizungushia, na mwambie nahodha mapema, bila haya. Wanaume wa pwani wanageuza uso na kuzungumza habari nyingine. Wasichana wengi huacha kunywa maji ili kukwepa jambo hilo, na saa saba mchana wanazimia.

Sasa kazi ya wiki hii. Jumamosi panda gari uende bwawa la Nyumba ya Mungu. Chagua mahali pa juu kidogo, mbali na ukingo, kwa sababu mamba wamo. Chora mstari wa kufikirika kutoka mti mmoja hadi mwingine ng'ambo, hilo ndilo eneo lako. Kaa saa mbili. Kila dakika tano andika: saa, upepo, mwanga, na ndege wa majini aitwaye mnandi, wangapi wako juu ya maji. Mnandi huzama kutafuta samaki, huwezi kumhesabu akiwa chini, na hilo ndilo tatizo letu lote baharini. Kwa hiyo mchague mmoja, umfuate kwa saa ya simu: amezama sekunde ngapi, amekaa juu sekunde ngapi. Fanya hivyo mara thelathini. Ukishajua anakaa chini sehemu gani ya muda wake, utaweza kukadiria wale ambao hukuwaona. Nguva huibuka kila baada ya dakika chache, nyangumi hukaa zaidi, na watafiti wanaohesabu kutoka kwenye ndege hufanya marekebisho hayohayo.

Jioni, wavuvi wakirudi, nenda uwaamkie. Usiwaulize kuhusu mnandi. Waulize habari za nyavu, uone watakuambia nini wenyewe.

Kisha nitumie karatasi hizo kwa picha. Zisinakiliwe upya zikawa safi. Nataka zilezile, zenye jasho na vumbi. Na kama kuna dakika tano ambazo maji yalikuwa matupu, andika sifuri na saa yake.